Nani Atamwogesha Krishna

Mama mkwe alianguka bafuni asubuhi, mguu mmoja huku na mwingine kule, na neno la kwanza lililomtoka akiwa sakafuni halikuwa "nisaidieni" wala "nakufa". Alisema, "Mtoto hajaoga."

Mgeni angeanza kuchungulia chini ya vitanda. Hata wale vijana wawili wa gari la wagonjwa, walipokwisha kumfunga kwenye machela na kuanza kumteremsha ngazi kiubavu kama kabati, mmoja wao aliuliza kama kuna mtu wa kubaki na huyo mtoto.

"Ana umri gani?"

"Hana umri," mama mkwe akajibu, macho kayafumba kwa maumivu. "Yupo tangu zamani. Ila maziwa yake yasiwe ya moto."

Kijana alimtazama mwenzake. Mwanawe mama mkwe, fundi wa mafriji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, aliinamisha kichwa akajifanya anaangalia wanapokanyaga. Mkewe alikuwa nyuma yao, kabeba ndara za mgonjwa na mkoba wake. Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto, na hilo ndilo lililokuwa likiwasumbua wote watatu, ila kila mmoja kwa kona yake.

Mtoto aliyesemwa alikuwa wa shaba. Alikuwa Krishna, mungu wa Wahindu, lakini si yule Krishna mkubwa wa kwenye picha anayepuliza filimbi na kuendesha magari ya vita. Huyu alikuwa Krishna mchanga, wa kutambaa. Goti moja chini, mkono mmoja sakafuni, mkono wa pili ameuinua kashika donge la siagi, na kichwani unyoya wa tausi. Urefu wake haukuzidi kiganja na vidole vyake. Alikaa sebuleni kwenye kijumba cha mbao, na humo alikuwa na kitanda, godoro, mto, chandarua, na feni ndogo ya betri aliyotengenezewa na Fundi. Asubuhi aliamshwa kwa kengele, akaogeshwa, akavishwa, akalishwa maziwa na sukari na jani la mrehani juu yake, kwa sababu bila jani lile hali chochote. Mchana alilazwa, alasiri akaamshwa, na usiku ulipoingia pazia lake lilishushwa na watu wakapunguza sauti ya redio. Jirani mmoja aliwahi kusema kwamba katika jengo zima hakuna mtu anayetunzwa kama yule, na kwamba yeye mwenyewe angekubali kuwa wa shaba.

Mkaza mwana alimchukia. Tuseme tu ukweli. Kumchukia Mungu ni kazi kubwa kwa mtu aliyechoka, basi alimchukia kivivu, bila kelele, kama mtu anavyomchukia mpangaji mwenzake.

Chuki yenyewe ilikuwa na miezi mitatu. Alikwenda kujifungua, akarudi mikono mitupu. Mtoto wa kiume, alizaliwa kimya. Hawakumwonyesha. Walimpa sindano ya usingizi, na alipozinduka mambo yote yalikuwa yamekwisha. Kwao mtoto mchanga hachomwi kama wakubwa, huzikwa, na wanaompeleka ni wanaume, mama haendi. Alipomwuliza mumewe, mara moja tu, "Mlimweka wapi?", mume alijibu, "Yamekwisha hayo. Usijitoneshe." Akatoka kwenda kutengeneza friji la mtu. Tangu siku hiyo mwanamke yule alitaka kitu kimoja tu duniani, kuambiwa mwanawe yuko wapi, na hakuna aliyemwambia.

Halafu nyumba iliyofiwa haimgusi Mungu mpaka siku zake zipite. Kwa hiyo Krishna wa shaba alihamishiwa ghorofa ya juu, kwa mama mmoja mjane ambaye wote walimwita Shangazi wa Juu. Mama mkwe alimfungia mkoba wake wa nguo, akasimama mlangoni akitoa maelekezo, anapenda hivi, hapendi vile, na katikati ya maelekezo akaangua kilio. Alilia mpaka Shangazi wa Juu naye akalia. Mkaza mwana alikuwa kitandani chumbani, mlango wazi, blauzi imelowa maziwa yasiyo na mnywaji, akawaona. Kwa mjukuu wake mama mkwe hakudondosha chozi. Alimwangalia mkwewe usoni kwa jicho kavu, akamwambia, "Kunywa chai." Siku zile zote kengele ya kumwamsha Mtoto ilisikika kutoka juu ya dari, na mkaza mwana akawa anaihesabu kama mtu anayesikia bomba linavuja.

Baada ya hapo ikaja ganzi. Alikula alipoambiwa kula. Dukani kwa rangi, alikokuwa akichanganya rangi za wateja kwa mashine, tajiri alituma salamu mara mbili kumwuliza kama atarudi, akajibu ndiyo, na hakurudi.

*

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema watapasua, wataweka chuma, na mgonjwa atakaa wodini mpaka aweze kusimama kwa fremu ya kujishikiza. Mama mkwe alisikiliza yote hayo kama anayesomewa habari za nchi nyingine.

"Sawa. Na Mtoto?" akauliza.

"Mama, achana na Mtoto kwanza," Fundi akasema.

"Nimuache nani amshike? Shangazi yako wa Juu kaenda kwa binti yake. Wewe unaondoka alfajiri, unarudi unanuka gesi." Akamgeukia mkwewe. Sauti ikashuka. "Mwanangu, utamwogesha?"

Lilikuwa swali la kweli, maana alisubiri jibu. Fundi alitazama kiyoyozi kilichokuwa ukutani, akakisikiliza kinavyokoroma.

"Nitamwogesha, mama," mkaza mwana akasema. Angeambiwa apake wodi nzima rangi angesema hivyo hivyo.

Aliporudi nyumbani alisimama mbele ya kijumba. Pazia lilikuwa bado limeshushwa tangu usiku wa jana. Alilifungua kwa kidole. Mtoto alikuwa amelala chini ya chandarua, nguo za kulalia, na ule mkono wake wa siagi umeinuliwa vile vile, maana wa shaba hata akilala haushushi. Ulionekana kama mkono wa mtoto anayetaka kubebwa. Mkaza mwana alishusha pazia, akaenda kulala yeye.

Kesho yake hakumwamsha. Kesho kutwa pia. Maziwa aliyoyaacha mama mkwe kwenye kikombe cha fedha, yale ya kumsubiri Mtoto aamke siku ile ya kuanguka, yaliganda palepale. Mumewe alipita mbele ya kijumba asubuhi na jioni, hakuuliza. Nyumba ile ilikuwa imejifunza kutouliza, na Fundi ndiye aliyekuwa amefaulu kuliko wote.

*

Saa za kuona wagonjwa zilikuwa alasiri. Mama mkwe alikuwa ameshapasuliwa, amewekwa kitanda cha dirishani, na kabla mkwewe hajaweka chupa ya uji mezani mahojiano yalianza.

"Umemwamshaje?"

"Nimepiga kengele."

"Kengele kwanza au pazia kwanza?"

"Pazia."

"Polepole?"

"Polepole."

"Amekula?"

"Amekula."

"Alivaa nini?"

"Ile ya njano."

"Ya njano nzito au nyepesi?"

Mkaza mwana alifikiri. "Nyepesi. Kulikuwa na joto."

Mama mkwe alishusha pumzi, akalegea kwenye mto kama mtu ambaye dawa imeanza kufanya kazi. Kitanda cha pili alikuwa amelala mama mmoja muuza mitumba, mguu wake umefungwa plasta na kuning'inizwa juu kwa kamba. Huyo hakuwa na mgeni, basi wageni wa wenzake aliwafanya wake.

"Mjukuu huyo?" akauliza.

"Mwanangu," mama mkwe akasema.

"Umri huo wako?"

"Mimi namlea. Ni Mungu huyo, mama."

Muuza mitumba alikaa na jambo hilo kwa muda. Hakuwa mtu wa kukurupuka. "Mungu mtoto," akasema. "Sasa unamwomba nini, kama yeye mwenyewe anaogeshwa?"

"Simwombi kitu. Akiwa mkubwa ndipo unamwomba wewe. Akiwa mdogo yeye ndiye anakuomba. Anataka maziwa, anataka kubebwa, mkono kauinua hivi." Mama mkwe akainua wake, ule usio na sindano. "Kashika siagi. Siagi yenyewe kaiba. Mwenye dunia nzima, anaiba siagi ya mama wa watu ili akamatwe na ashikwe. Kakubali kuwa mdogo apate wa kumhitaji."

"Makubwa," akasema muuza mitumba. Kisha akamgeukia mkaza mwana kwa wema kabisa. "Na wewe dada, wa kwako wangapi?"

Mkaza mwana alifungua chupa ya uji. Mfuniko ulikuwa umekaza. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Mletee kikombe yule," akamwambia mkwewe. "Naye anywe."

Siku zilivyokwenda uongo ulizoea njia. Mwanzoni alisema machache, ameamka, ameoga, amekula, amelala. Lakini mama mkwe alikuwa na maswali ya mtu asiye na shughuli nyingine, na maswali yalitaka vitu vya kuyajaza. Basi mkaza mwana akavitoa. Alisema leo alichelewa kuamka. Alisema sabuni ilimwingia jichoni. Alisema blanketi alilitupa kwa mateke. Siku moja alikuwa anamenya chungwa, hana hili wala lile, akasema:

"Leo amemwaga maziwa."

Mama mkwe aligeuza kichwa kumtazama. Shaba haimwagi maziwa.

"Amemwagaje?" akauliza taratibu.

"Alikipiga kikombe kwa mkono."

"Ule wa siagi?"

"Ule ule. Nikamkaripia. Akaninunia, kageukia ukutani. Nikambeba nikamzungusha mpaka dirishani, akaona magari, akasahau."

"Anapenda magari?"

"Ya taka hasa. Yale ya njano."

Muuza mitumba alicheka mpaka kamba ya mguu ikatikisika. "Huyo mtundu. Mlete tumwone basi."

"Hawaruhusu watoto wodini," mkaza mwana akasema, na aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mama yeyote anayelalamikia kanuni za hospitali.

Alitoka wodini siku hiyo akagundua ana njaa. Alinunua mkate njiani akaula akitembea. Hakujiuliza kwa nini. Alichojua ni kwamba siku nzima sasa aliisubiri saa ya kuona wagonjwa, na kwamba asubuhi, akiwa amelala bado, alijikuta anapanga atasema nini juu ya mtoto yule anayemwaga maziwa, ambaye kila siku alizidi kuchangamka. Na nyumbani, nyuma ya pazia, yule wa shaba alilala na nguo zile zile za kulalia.

*

Shangazi wa Juu alirudi safari akiwa na ufunguo wake. Mama mkwe alimpa ufunguo huo miaka mingi nyuma kwa ajili ya dharura, na dharura kwa Shangazi wa Juu ilikuwa neno lenye nafasi kubwa. Aliposikia habari ya nyonga aliteremka, akakuta hakuna mtu, akafungua, akaenda moja kwa moja kumsalimia Mtoto.

Mkaza mwana hakuyajua hayo. Aliingia wodini kama kawaida, akakuta Shangazi wa Juu ameketi kwenye kiti chake, mkoba magotini, midomo ameibana. Alimwamkia. Shangazi aliitikia kwa pua. Hapakuwa na kiti kingine, akasimama.

"Haya," mama mkwe akasema. Uso wake haukuonyesha kitu. "Ameamkaje leo?"

"Vizuri. Mapema leo. Nilimkuta yuko macho."

"Ehe."

"Nikamwogesha. Kwenye lile beseni la bluu. Sasa anajua, maji yakianza kulia tu naye anapiga miguu."

Shangazi wa Juu alitazama dirishani. Muuza mitumba, ambaye alikuwepo tangu Shangazi anaingia na alikuwa amesikia kila kitu, alijigeuza kuelekea ukutani kadiri mguu ulivyomruhusu. Ni kitendo hicho kilichomshtua mkaza mwana. Mama yule alikuwa hajawahi kuugeukia ukuta palipo na mazungumzo.

"Amekula?" mama mkwe akauliza.

"Amekula," akasema, polepole zaidi.

"Muongo," Shangazi wa Juu akasema. Hakupaza sauti. "Nimetoka huko sasa hivi. Nguo za kulalia. Kikombe kimejaa sisimizi. Yule hajaguswa tangu mkweo aanguke. Na wewe umesimama hapa unatuhadithia, mbele ya mgonjwa, beseni la bluu. Mimi niliposhindwa na mgongo, zile siku za msiba wako, kuna siku nilimwacha njaa?"

Wagonjwa wa vitanda vya mbele walianza kutazama. Muuguzi aliyekuwa akigawa vidonge alipunguza mwendo. Mkaza mwana alisimama na mfuko wake wa machungwa, masikio yanawaka, na katika ganzi yote ile aliona aibu, aibu safi kabisa ya mtoto wa shule, ya kukamatwa.

"Ninunulie maji," mama mkwe akamwambia Shangazi wa Juu.

"Maji haya hapa."

"Ya baridi. Duka la ng'ambo."

Shangazi alielewa, na hakupenda kuelewa. Akainuka, akaenda. Mama mkwe alikipigapiga kiti kwa mkono, na mkwewe akaketi.

"Nilijua tangu maziwa yalipomwagika," mama mkwe akasema.

"Mbona uliniacha niseme?"

"Nilitaka kusikia." Alitengeneza shuka lisilohitaji kutengenezwa. "Nilijua si yule wa shaba unayemsema."

Mkaza mwana alitazama mikono yake. Hakujua kinachomjia ni kilio au ni swali. Likatoka swali.

"Nitamwogesha, mama. Leo nikirudi nitamwogesha. Lakini kwanza niambie, wa kwangu aliogeshwa na nani?"

"Na mimi."

Hakutegemea jibu. Miezi yote ile alikuwa amejizoeza kunyimwa, sasa amepewa mara moja, hakujua alishike wapi.

"Wewe?"

"Muuguzi alitaka kumfunga vivyo hivyo. Nikamwambia subiri, hatoki hivyo mtoto wa watu. Nikaenda kwa yule mama anayeuza chai hospitalini nikamwomba maji ya moto, nikayachanganya, nikayajaribu kwa kiwiko. Nikaanza na kichwa. Nywele alikuwa nazo, tena nyingi, zimelala upande huu." Akajigusa juu ya sikio. "Masikio ya baba yake, yametoka nje. Nikaja shingo, mikunjo ya shingo, makwapa. Mkono ulikuwa unajua njia wenyewe, si ndiyo kazi yangu ya kila siku? Nilipofika miguuni nikasikia mtu anaimba. Kumbe ni mimi. Yule muuguzi akanitazama kama nimerukwa na akili."

"Ulimvisha nini?"

"Nguo sikuwa nayo. Nilimfunga na mtandio wangu wa zambarau. Nikampa baba yake."

Mkaza mwana aliinama. Machozi yalitoka bila sauti wala juhudi, yakaanguka kwenye mfuko wa machungwa, na plastiki ikayapigia kelele. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umegeukia ukuta. Nikasema nitasubiri aulize."

"Mimi nilikuwa nasubiri useme."

"Basi tulisubiriana."

"Ulimlilia wa shaba," mkaza mwana akasema. Alilisema bila hasira, alitaka tu litoke. "Pale mlangoni. Wangu hukumlilia."

"Walinionya. Walisema ukilia mbele ya mkweo hatanyamaza tena, atakuharibikia. Basi nikakaa na langu. Siku namtoa Mtoto nikaona hapa ndipo. Ningelilia wapi pengine? Mtu akikuona unamlilia Mungu hakuulizi kitu."

Kitanda cha pili kilitoa sauti ya kamasi. Muuza mitumba alikuwa bado ameukodolea ukuta.

"Wamemweka wapi?" mkaza mwana akauliza.

"Hilo sijui. Naapa sijui. Mimi sikwenda. Muulize mumeo."

"Nilimuuliza."

"Muulize tena. Huyo tangu mdogo jibu lake la kwanza ni la kufungia mlango. Ukweli hutoka la pili."

*

Alifika nyumbani jua bado lipo. Aliosha kikombe, akafukuza sisimizi, akachemsha maji akayachanganya kwenye beseni. Alijaribu kwa kiwiko. Halafu akafungua pazia, akainua chandarua, akamtoa Mtoto akamvua nguo za kulalia. Vumbi lilikuwa limemwingia kwenye vifundo vya vidole vya miguu. Alianza na kichwa.

Fundi aliingia wakati huo. Alikuwa ametoka kwenye chumba cha baridi cha bucha moja na bado amevaa sweta. Alimwona mkewe kapiga magoti sakafuni, akasimama hapo alipokuwa, spana mkononi. Mkewe hakumgeukia. Alikuwa amefika nyuma ya masikio.

"Mlimweka wapi?"

"Si nilishakwambia, hayo mambo..."

"Hukuniambia. Ulinikataza kuuliza."

Maji yalilia kidogo kwenye beseni. Fundi aliweka spana juu ya meza, akaiondoa, akaiweka tena.

"Sijui," akasema.

Mkewe aliendelea kuosha shingo.

"Sikuingia. Wenzangu walibaki garini, nikasema mimi nitaingia naye mwenyewe. Nikafika getini. Kuna mzee wa makaburi pale, ana jembe. Akasema, lete. Nikampa. Nilikuwa nimejiambia nitamfuata, miguu ikakataa. Nikasimama getini. Akaenda huko ndani, akarudi, akasema tayari. Hata sikuona alikata kona gani." Alijikuna shingo. "Nikamwambia ahsante. Unajua? Nikamwambia ahsante, mzee. Nikapanda gari."

Mkaza mwana aliitafuta hasira yake. Alikuwa ameiwekea nafasi kubwa, na sasa aliona haki yake ni kuwaka, kurusha beseni, kumwita mume jina lolote baya analolijua. Aliitafuta kama mtu anavyopapasa swichi gizani, hakuipata. Alimwona tu mwanamume amesimama getini, mikono inaning'inia. Maji yalikuwa yanapoa.

"Kesho nipeleke," akasema.

"Wapi? Nimekwambia sijui ni wapi."

"Getini. Geti si unalijua?"

"Nalijua."

"Basi tutaanzia hapo. Tutaingia wote. Mzee yule akiwepo tutamuuliza, asipokuwepo tutazunguka." Alimwagia Mtoto maji ya mwisho mgongoni, akamwinua, akamzungusha kuona kama pamebaki sabuni. "Njoo uchukue."

Fundi alivuta taulo kwenye kiti, akachuchumaa, akakinga mikono miwili. Alikuwa hajamshika tangu utoto wake. Kazi ile ilikuwa ya mama. Mkewe akamweka humo, akiwa bado anatiririka maji. Shaba ni nzito kuliko inavyoonekana, na mikono ya fundi ilishuka kidogo ilipoupokea mzigo. Alibaki hivyo, anatazama kile alichokishika.

"Wetu alikuwa mwepesi," akasema. "Mwepesi mno."

Alitazama kushoto na kulia, akatafuta pa kumweka, akatafuta meza, akatafuta kiti, akatafuta hata sakafu.

"Usimweke chini," mkewe akamwambia. "Mfute kwanza."